Fumbo na Msikilizaji: Je, Yafaa Sanaa Imtaabishe Asikiaye?

Waalimu wa shule zetu hutuuliza mara kwa mara swali moja, nalo si dogo: Je, yafaa kumpa mwanafunzi shairi asiloweza kulifahamu alisikiapo mara ya kwanza? Wako wasemao kwamba neno jema ni neno jepesi, na kwamba mtungaji amfichaye msikilizaji maana yake amemnyima haki yake. Wako na wasemao kwamba kipatikanacho bila jasho hakikai moyoni. Pande zote mbili zina watu wenye akili, wala hatutaki kumdharau yeyote. Lakini twaona kwamba aghalabu hushindana kana kwamba jambo hili limezuka jana. Pwani ya Waswahili ina historia ndefu ya watungaji na wasikilizaji wao, na katika historia hiyo swali hili lilikwisha kujibiwa kwa matendo kabla sisi hatujaliuliza kwa maneno. Basi tumeona vema kulifuata huko.

Tuanze na mchezo wa watoto, maana mara nyingi sheria za wakubwa zimehifadhiwa humo. Jioni, kazi zikiisha, mmoja husema, “Kitendawili!” Wenziwe hujibu, “Tega!” Ndipo anaposema, kwa mfano, “Nyumba yangu haina mlango.” Ajuaye husema kwamba ni yai, na mchezo huendelea. Wasipojua, hujaribu hiki na kile mpaka wachoke. Hapo mtegaji hasemi jibu bure, husema, “Nipeni mji.” Humpa mji mmoja, naye akiukataa humpa mwingine, hata apate mji umpendezao. Huupokea, hujisifu kidogo jinsi alivyofika huko na jinsi alivyopokewa, kisha hutoa jibu.

Tukitazama vizuri, desturi hii ina sheria tatu. Ya kwanza ni ridhaa: mtegaji hategi mpaka wasikilizaji waseme, “Tega.” Hakuna ashikwaye kwa nguvu. Ya pili ni kazi: msikilizaji hana budi kujaribu, na akishindwa hulipa. Ya tatu ni amana: mtegaji sharti awe na jibu, na akishalipwa mji wake hana budi kulitoa. Atakayetega kitendawili kisicho na jibu, akapokea mji, huyo amewaibia wenziwe, nao hawatamwambia tena, “Tega.” Tuzikumbuke sheria hizi tatu, maana tutaziona tena kwa watu wazima.

Sasa na tuende Mombasa, au Mvita kama wenyewe walivyouita, katika siku za Muyaka bin Haji, aliyeishi tangu karibu na mwaka 1776 hata karibu na mwaka 1840. Ulikuwa wakati wa misukosuko. Mji ulitawaliwa na Wamazrui, nao walikuwa wakishindana na Sayyid Said, mtawala wa Oman. Karibu na mwaka 1813 jeshi la Mombasa na Pate lilishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Na baada ya mashambulio kadhaa, mwaka 1837, Mombasa yenyewe iliingia mikononi mwa Sayyid Said. Muyaka alikuwa upande wa Wamazrui, naye aliutia ushairi wake katika mambo hayo yote: vita, biashara, mapenzi, deni, jirani mwenye choyo. Mtaalamu Mohamed Hassan Abdulaziz, katika kitabu chake juu ya Muyaka kilichotolewa mwaka 1979, ameeleza kwamba Muyaka ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Neno hilo lahitaji kuangaliwa. Mtu adhaniaye kwamba sanaa ya sokoni lazima iwe nyepesi angetazamia kwamba Muyaka, alipowaendea wachuuzi na mabaharia, aliyaacha mafumbo. Sivyo. Fumbo lilikuwa mojawapo ya silaha zake kubwa. Alisema habari ya chombo kumbe asema habari ya mji. Alitaja kitu cha nyumbani kumbe amtaja mtu. Na watu wa sokoni walimpenda kwa ajili hiyo, si licha ya hiyo. Kwa nini? Kwa sababu ufunguo walikuwa nao. Walijua ni nani aliyegombana na nani, jahazi gani limechelewa kurudi, na barua gani imefika kutoka Lamu. Taabu aliyowatwika ilikuwa taabu ya kukumbuka na kulinganisha mambo waliyokwisha kuyajua. Ndiyo maana ya mithali isemayo, “Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua.” Aliyeligangua alirudi nyumbani akijiona mwerevu, na huo ulikuwa ujira wake.

Tena kulikuwa na dalili ya wazi ya kumtambua aliyefahamu. Mshairi mmoja alipotoa shairi la fumbo, mwingine alilijibu, naye kwa desturi alilijibu kwa bahari ileile, mara nyingi na kwa vina vilevile. Washairi wa Mombasa na wa Lamu walipelekeana mashairi hivyo wakati wa ugomvi wa miji yao. Majibu yalikuwa mtihani. Asiyefahamu hakuweza kujibu, na aliyejibu kombo alichekwa na miji miwili. Hivyo msikilizaji hakukaa kimya kama chombo kinachotiwa maji. Alikuwa mshiriki, na kesho yake aweza kuwa mtungaji.

Hapa twafika kwenye jambo ambalo twaliona kuwa kiini cha habari yote. Shairi la kawaida la watu hao lina mistari minne katika kila ubeti. Kila mstari una mizani kumi na sita, umegawanyika nusu kwa nusu, minane na minane. Kuna kina katikati na kina mwishoni. Na mara nyingi mstari wa mwisho hurudiwa katika kila ubeti. Mambo haya yote humrahisishia asikiaye. Vina humsaidia kushika, mizani huongoza sauti, na mstari unaorudiwa humpa nafasi ya kulisikia fumbo mara tano au sita, kila mara likiwa na nuru mpya kutokana na mistari iliyotangulia. Basi msikilizaji, hata asipofahamu pale pale, huondoka nalo kichwani. Hulifikiri akiwa njiani, hulifikiri akivuta maji kisimani, na siku ya tatu lamfunukia. Maana ilikuwa ngumu, lakini umbo lilikuwa jepesi kuchukulika. Mtungaji hakumpa mtu mzigo usio na kamba ya kuufungia. Twasema basi kwamba kwa sheria tatu za kitendawili, washairi waliongeza ya nne: anayemtaka msikilizaji afanye kazi sharti ampe kitu cha kushika wakati anapofanya kazi hiyo.

Wala tusidhani kwamba kila utungo ulitaka taabu ileile. Mwana Kupona wa Siyu, mke wa Bwana Mataka, alitunga utendi wake karibu na mwaka 1858, hali ni mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Anamwita mtoto akae karibu na wino na karatasi, kisha anamwusia. Humo hamna mafumbo ya kumtatiza binti. Mama anayejua kwamba huenda siku zake zimekaribia hana muda wa kutega. Mistari ni mifupi, ya mizani minane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina kipitacho mpaka mwisho wa utendi. Wasia wake ulienea kwa wanawake wa pwani, na wengi waliujua kwa moyo. Kwa hiyo wepesi nao ni sanaa, na una mahali pake: palipo na wasia, palipo na habari ndefu ya kusimuliwa, palipo na mtu ambaye hana nguvu ya kutafuta. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir yakaa katikati. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka na wenyewe waliokwisha. Wazo lake mtoto aweza kulifahamu. Lakini kulihisi ni kazi nyingine, na hiyo mshairi hakumwondolea mtu.

Baada ya hayo, yatupasa kutaja ugumu wa namna nyingine, ambao watungaji hawakuutia. Wakati ndio uliouleta. Tungo hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zina alama tatu tu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Tena Kiarabu hakina herufi za p, ch, g wala v. Msomaji wa zamani hakupata shida, maana alilijua neno kabla hajaliona. Lakini wajuao walipopungua, karatasi zilibaki zimefungwa. Tena iko tofauti ya lahaja. Kwa mtu wa Mombasa, kuteka kwa ulimi uguswao menoni ni kucheka, na kuteka kwa ulimi urudishwao nyuma kidogo ni kuteka maji. Paa wa porini hutamkwa kwa pumzi, na paa la nyumba bila pumzi. Mshairi aliweza kuchezea tofauti hizo, na sikio la kwao likazipata mara moja. Lakini herufi za Kilatini tuandikazo leo hazizionyeshi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilipoanza kazi, elimu ilipata faida kubwa. Lakini kwa mtoto wa shule, Kimvita na Kiamu vilianza kuwa kama lugha ya wageni.

Ugumu huu wa pili ulikaribia kuwaua washairi mara ya pili. Kama tunaye Muyaka leo, ni kwa kazi ya watu wachache. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alikusanya mashairi kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika na kuyaeleza. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa kasisi William Taylor wa Church Missionary Society, aliyejifunza kusikia tofauti zile za meno na pumzi na kuziwekea alama. Taylor alifariki mwaka 1927 kabla mashairi hayajapigwa chapa. William Hichens akayatoa Johannesburg mwaka 1940. Karne nzima ilikuwa imepita tangu Muyaka kuzikwa. Tuwaangalie watu hawa vizuri, maana mfano wao ndio watufaao waalimu: walimwondolea msomaji kutu ya wakati, wakamwachia fumbo la mshairi. Hawakuyaandika upya mashairi kwa maneno mepesi wakayaita ya Muyaka.

Katika karne ya 20 swali letu lilizuka kwa ukali mpya. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, na kwa wengi kitabu hicho kikawa mizani ya kupimia shairi na lisilo shairi. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, alijifunza sanaa hiyo ya pwani hata akaitungia Enjili utenzi, uliotolewa mwaka 1963. Akatuonyesha kwamba taabu ya kujifunza si urithi wa damu. Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Hoja yake haikuwa kumtaabisha mtu, bali kinyume chake: alitaka ushairi utumie lugha ile ile watu waitumiayo wanapozungumza. Wenye kushika sheria walikasirika, wakasema hayo si mashairi. Ugomvi ukaendelea kwa miaka mingi.

Sisi twaona kwamba kila upande ulishika nusu ya kweli. Wenye vina walisema kwamba ushairi huru ni kazi ya wavivu. Lakini walisahau kwamba kwa msikilizaji vina si taabu, ni msaada. Wenye ushairi huru walisema kwamba vina ni minyororo. Lakini walisahau kwamba anayemnyang'anya msikilizaji kamba ya kuchukulia sharti ampe nyingine. Kezilahabi katika mashairi yake alimpa nyingine, nayo ni maneno ya kila siku na picha zilizo wazi. Baadaye lakini, mtu huyo huyo aliyetaka kuuleta ushairi karibu na watu aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya ambazo wasomaji wengi huziona ngumu kuliko mashairi mengi ya kale. Hatusemi alikosea. Twasema tu kwamba wepesi wa maneno na wepesi wa maana ni vitu viwili, na kwamba aliyeacha vina hakuacha kwa hiyo kumtaka msomaji afanye kazi.

Iko na sababu nyingine ya fumbo, ambayo haina uhusiano na anasa ya akili. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa nchini Kenya tangu mwaka 1969 hata 1972 kwa ajili ya waraka wa siasa. Gerezani alitunga mashairi, akiyaandika kwa siri katika karatasi za chooni, nayo yakatolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ni mashairi ya vina na mizani, katika Kimvita. Katika shairi lake la Mamba, asomaye juu juu huona habari za mnyama wa mtoni. Asomaye kwa makini huona mtawala. Hapo taabu ya msomaji ni sehemu ndogo ya hatari ambayo mtungaji ameibeba. Kumdai mtu kama huyo aseme waziwazi, ili sisi tusichoke, ni kumdai ashikwe mara ya pili.

Walakini tusimsifu kila afichaye. Watoto wa pwani walikuwa na mchezo wa kinyume, yaani kutoa silabi ya mwisho na kuiweka mbele, hata nyumba ikawa mbanyu. Asiyezoea hataambulia neno. Lakini akishaigeuza silabi, apata nini? Apata nyumba ileile, wala hakuongezewa kitu. Ziko tungo za namna hiyo. Mtungaji huokota maneno ya Kiarabu na ya Kiamu ambayo yeye mwenyewe hayatumii, huyapanga ili aonekane mjuzi, na ukishayafungua yote wakuta wazo ambalo angeweza kulisema kwa maneno matatu. Tofauti ya fumbo na kinyume ni hii: fumbo likifumbuliwa hutoa zaidi ya lilivyoonyesha, kinyume kikigeuzwa hutoa kilekile. Msomaji aliyetoa mji akapewa mbanyu ana haki ya kunung'unika.

Wako waalimu watakaosema: Hayo ni mazuri kwa wenye nafasi, lakini watu wetu hutoka shambani wamechoka, na watoto wetu wana mitihani. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini waliomsikiliza Muyaka nao hawakuwa watu wa starehe. Walikuwa wachukuzi, wavuvi, wachuuzi wenye madeni. Kuchoka kwa mwili hakumwondolei mtu hamu ya kutumia akili yake. Mara nyingi huiongeza, kwa kuwa mchana kutwa ametumiwa mikono tu. Tuogope zaidi jambo lingine: kwamba kwa kumhurumia mtu maskini tumemhukumu kuwa hawezi, tukampa siku zote uji wa mtoto hali meno yake ni mazima.

Nasi tuungame kosa letu wenyewe. Zamani, tulipokuwa tukifundisha ushairi, tulikuwa na desturi ya kuandika maana ubaoni kabla shairi halijasomwa, ili wanafunzi wasipate shida. Waliinakili, wakaikariri, wakafaulu. Siku moja ubao ulikuwa umelowa kwa mvua iliyovuja darasani, hata chaki haikushika. Tukalisoma shairi tu, mara mbili, kisha mara ya tatu. Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja, ambaye si wa kwanza katika hesabu wala katika sarufi, akasema kwa haya kwamba labda mti unaotajwa si mti, bali ni mama. Mwingine akapinga, akaonyesha mstari. Wakashindana mpaka kengele ikalia, na walipotoka tuliwasikia wakilirudia lile shairi uwanjani. Tulifahamu hapo kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tumewapa jibu la kitendawili kabla hatujasema “Kitendawili!” nao hawakuwahi kupata nafasi ya kusema, “Tega!”

Basi, ndugu waalimu, twashauri hivi. Kwanza, mwondoleeni mwanafunzi kila ugumu uliotiwa na wakati: elezeni neno la kale, tofauti ya lahaja, habari ya vita na mji uliotajwa. Hilo ni deni letu kwake, wala asiachwe alilipe peke yake. Pili, ugumu uliotiwa na mtungaji msiuondoe; someni kwa sauti, mrudie, mngoje. Tatu, mkubali jibu lenye ushahidi katika mistari, hata lisipokuwa lenu. Nne, msiwaache bila jibu. Wakishajaribu kwa haki na kushindwa, wapokeeni mji wao na kuwaambia mnayoyajua.

Sanaa ina haki ya kumtaka mtu afanye kazi, lakini haina haki ya kumdanganya. Mtungaji adaiye taabu ya msikilizaji naye adaiwa jibu la kweli na kamba ya kulichukulia. Wazee wa pwani waliyajua hayo, wakawafundisha watoto wao jioni kwa yai lisilo na mlango.